Kocha, nimekariri openingi miezi minne na bado mtoto ananichapa

Swali: Habari kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Donholm na nauza vifaa vya simu tauni. Kijana wangu wa miaka 9 alifunzwa chesi shuleni na sasa kila jioni anataka tucheze. Nimeangalia video za openingi, zile hatua za kwanza za mchezo, miezi minne, nimekariri London na Sisilia mpaka hatua ya kumi, lakini mtu akicheza kitu tofauti napotea kabisa. Kwa simu rating yangu, ile alama ya uwezo, iko 620 na sipandi. Kuna kozi ya openingi nimeona ya 3,500, ninunue? Alafu kijana ananimaliza na ile chekimeti ya hatua nne. Anataka pia twende shindano pamoja. Nimekutumia mchezo wangu wa juzi uangalie.

Jibu: Mama, nimesoma swali lako mara mbili alafu nikapanga mchezo wako kwa bodi, kete kwa kete, kwa sababu mchezo mmoja wa mtu huniambia mengi kuliko rating yake. Kozi usinunue. Hiyo pesa iweke kwanza, nitakuambia huko mbele sehemu yake uifanyie nini.

Majina tukubaliane: mfalme, malkia, askofu, farasi, ngome ni ile ya kona, na wale wadogo wanane wa mbele nitawaita askari. Nyumbani waiteni vile mmezoea. Na nikisema d4 ni nafasi kwa bodi, herufi a mpaka h ni mistari ya wima, namba 1 mpaka 8 ni safu kuanzia upande wa nyeupe.

Sasa mchezo wako. Ulikuwa nyeupe, ukaanza askari d4, akajibu askari d5. Ukatoa askofu mpaka f4, yeye askari c5. Wewe askari e3, yeye farasi c6. Wewe askari c3, na yeye akatoa malkia mpaka b6. Mchezo wako uliharibikia hapa, ingawa mliendelea hatua zingine nyingi na naona ulipigana sana.

Panga hiyo picha kwa bodi uiangalie polepole. Malkia wake pale b6 anaangalia wapi? Anateremka na mstari wa b moja kwa moja mpaka kwa askari wako wa b2. Huyo askari analindwa na nani? Mwanzo wa mchezo alikuwa na mlinzi, askofu wa c1, lakini huyo askofu ndiye ulimtoa kwa hatua ya pili, sasa yuko f4 na b2 imebaki yatima. Jamaa ameona. Wewe ukacheza farasi f3 kwa sababu kwa video farasi f3 ndiyo ilikuwa inafuata. Akala b2. Na sasa malkia wake ameingia ndani kwako, anaangalia ngome ya a1. Hata hapo bado ulikuwa na njia, farasi wa b1 angeenda d2, na kwa sababu c1 na b1 zote ziko wazi malkia wako wa d1 angeanza kuilinda ile ngome kwa mstari wa chini, ungekuwa umepoteza askari, labda wawili, lakini ngome ingebaki na mchezo unaendelea. Lakini kwa video ilikuwa inafuata askofu d3, ukacheza askofu d3, na ngome ikaenda.

Alipotoa malkia b6 ungecheza malkia b3. Anamlinda b2 na hapo hapo anamkabili malkia wake uso kwa uso, kama anataka kubadilishana sawa. Akikusukuma na askari c4 unarudi c2, b2 bado iko na mlinzi, wewe hauna shida yoyote.

Sasa mama, angalia vile hatua zako zote zilikuwa sawa kwa video. Zote! Kila moja ilikuwa ya London halali kabisa. Kitu kilikosekana ni kimoja, haukujua yule askofu wa f4 akitoka nyumbani anaacha nini nyuma. Ungejua hiyo, haungehitaji mtu akukaririshe malkia b3, ungeipata mwenyewe ukiwa umekaa kwa kiti. Openingi ni hivyo tu, kila kete ikitoka inachukua kazi mpya na inaacha kazi ya zamani, na mtu anayejua hizo kazi mbili hapotei hata akichezewa kitu hajawahi kuona maishani.

Na kitu hujawahi kuona utachezewa kila siku, hiyo usitarajie iishe. Hesabu kidogo. Hatua ya kwanza nyeupe ana chaguo 20, askari wanane kila mmoja anaweza kusonga hatua moja au mbili, hizo 16, na farasi wawili kila mmoja ana mahali pawili, hizo 4. Nyeusi pia ana 20. Kwa hivyo kila mtu akishacheza mara moja tu tayari kuna picha 400 tofauti, na bado hata chai haijapoa. Hatua ya kumi ambayo umekariri inafika tu kama mpinzani naye ameangalia video hiyo hiyo, na watu wa 620 hawaangalii video moja, wanacheza vile roho inawaambia.

Nimepitia hapo. Shindano langu la kwanza nilienda nimekariri Sisilia, ile ya Dragoni, hatua 14, usiku nalala nazipitia kichwani. Nikashika nyeusi na mzee mmoja mpole sana. Akacheza askari e4, mimi askari c5, na yeye badala ya kutoa farasi f3 kama nilivyosoma, akasukuma askari c3. Basi. Nilikaa dakika 20 natafuta kwa kichwa ukurasa ambao haukuwepo, nikacheza kitu cha woga, na saa ndiyo ilinimaliza mwishowe. Ilinichukua muda mrefu baadaye kuelewa kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Ile c3 inataka kusaidia askari wa d4. Sawa, lakini pia imekalia kiti cha farasi wake wa b1, c3 ndipo huyo farasi hupenda kwenda. Kwa hivyo ningesukuma askari d5, yeye ale, mimi nirudishe na malkia, na malkia wangu angekaa pale katikati raha mustarehe kwa sababu farasi wa kumfukuza hana mahali pa kukanyaga. Swali la "hii hatua inataka nini na imeacha nini" lingenipa hilo jibu kwa dakika mbili.

Kwa hivyo kabla sijakupa openingi yoyote nataka uzoee hilo swali. Mpinzani akisogeza, usiguse kete. Uliza, hii imekuja kufanya nini? Inaangalia nani? Na penye imetoka, nani amebaki bila mlinzi? Alafu ukishachagua hatua yako, kabla mkono haujashuka, jiulize hayo hayo kuhusu yako. Mara ya kwanza itakuchosha kwelikweli na utaona unacheza polepole, wiki ya tatu utaona macho yanakwenda yenyewe. Wanafunzi wangu wa Jumamosi nawaambia wakalie mikono, naongea mikono ya kweli chini ya mapaja, na kuna msichana mmoja wa miaka 11 ambaye kwa muhula mmoja aliacha kupoteza kete za bure kwa sababu ya hiyo tu, sikumwongezea openingi hata moja.

Hapo kuna kitu kingine nimekiona kwa mchezo wako na nakiona kwa wachezaji wengi wa Nairobi. Wewe ulicheza drafti ukiwa mdogo? Maana tumekulia drafti, bodi ya mbao na vifuniko vya soda pale steji, na drafti ina sheria kwamba ukipata nafasi ya kula lazima ule. Chesi haina hiyo lazima. Lakini mkono umezoea. Kwa hatua ya 11 ulikula farasi na askofu wako kwa sababu tu alikuwa analika, na askofu wako ndiye alikuwa kete yako nzuri pekee iliyobaki. Mkila sawa kwa sawa, farasi kwa askofu, kwa hesabu ni pointi tatu kwa tatu, hakuna aliyepoteza, lakini uliza kwanza anayerudisha kula anakuja na nini. Mara nyingi unamsaidia mwenzako kutoa kete iliyokuwa imelala nyumbani.

Haya, openingi. Ukishika nyeupe nataka ucheze ya Kiitaliano. London si mbaya, watu wakubwa wa dunia wanaicheza, shida yake kwa anayeanza ni kwamba unaweza kupanga kete zako sita bila kuangalia ng'ambo ya bodi, na kwako hiyo ndiyo tabia tunataka kuvunja. Ya Kiitaliano inakulazimisha kuongea na mpinzani kuanzia hatua ya pili.

Askari e4. Amechukua kipande cha katikati na amefungua milango miwili nyuma yake, wa malkia na wa askofu. Akijibu askari e5, unatoa farasi f3, na huyu farasi hajatoka kutembea, anamwinda askari wa e5, kwa hivyo jamaa lazima ajibu. Kawaida analeta farasi c6 kumlinda. Sasa askofu wako anatoka mpaka c4. Anaangalia nini kule? Fuata ulalo wake, d5, e6, f7. Ile f7 ndiyo mahali dhaifu zaidi kwa nyumba ya nyeusi mwanzo wa mchezo kwa sababu inalindwa na mfalme peke yake, hakuna mwingine. Hautaivunja leo, lakini askofu akikaa hapo mpinzani anaishi na wasiwasi. Alafu unafanya kaslingi, mfalme g1, ngome f1, na mfalme wako amelala ndani nyumba imefungwa. Hatua nne na umeshafanya karibu kila kitu ambacho openingi inapaswa kufanya.

Baada ya askofu c4 kuna majibu mawili utayaona sana. Akileta askofu wake c5, wewe unaweza kusukuma askari c3, na sasa umeshajua kuuliza, hii c3 inataka nini? Inataka kusaidia d4 ije baadaye kwa nguvu. Kama unaogopa fujo cheza d3 kwanza, inalinda e4, hakuna haraka. Akileta farasi f6, huyo anamwinda askari wako wa e4, kwa hivyo d3 papo hapo na umemaliza. Hiyo inatosha kwa miezi sita, naongea kwa uzito kabisa, usiongeze.

Kuna wengine kwa hatua ya pili hawatoi farasi c6, wanalinda e5 na askari d6. Hapo wamefunga mlango wa askofu wao wa f8. Wewe sukuma d4, wazi kabisa, gonga katikati. Na ukitaka kuona hiyo nyumba iliyofungwa inaungua vipi, tafuta mchezo wa Paul Morphy alioucheza Paris 1858, ndani ya jumba la opera, yeye kijana wa miaka 21 kutoka Marekani dhidi ya mabwana wawili waliokuwa wakishauriana, mtawala wa zamani wa Brunswick na kabaila mmoja wa Kifaransa. Hatua 17 tu. Panga kwa bodi na kijana wako, msiharakishe. Kila hatua ya Morphy inatoa kete mpya au inaleta tishio, na mingi inafanya yote mawili. Anaacha farasi aliwe, ngome iliwe, mwishowe hata malkia wake aliwe, na anamaliza na ngome moja na askofu mmoja tu. Ukifika mwisho hapo simamisha, angalia upande wa nyeusi. Askofu wa f8 na ngome ya h8 ziko pale pale zilipowekwa kabla mchezo uanze. Hazikuwahi kutoka nyumbani. Mabwana walikuwa na kete nyingi kuliko yeye lakini mbili zilikuwa zimelala, na kete iliyolala haihesabiki. Mimi nimepanga huo mchezo mara nyingi sana na bado nikifika kwa ile hatua ya malkia b8 mwili unasisimka.

Ukishika nyeusi, Sisilia iweke kando kwa sasa. Ni openingi tamu na iko siku utairudia, lakini inamwachia nyeupe kukimbia mbele huku wewe ukitegemea kushambulia baadaye, na kila njia yake ina mitego ambayo kweli inataka kukariri. Akianza e4 jibu e5. Akianza d4 jibu d5, alafu askari e6, farasi f6, askofu e7, kaslingi. Ni nyumba ya kawaida ya matofali, askofu wa c8 ndiye atakuwa amebanwa kidogo nyuma ya askari wa e6, hiyo ndiyo bei unalipa, tafuta kumtoa baadaye kwa kusukuma b6 au kwa kubadilishana askari katikati. Zaidi ya hapo sikupi.

Sasa hiyo ya kijana wako. Watoto wote wa shule wanaijua na wanaipenda, na siwalaumu, inashinda haraka na darasa lote linapiga kelele. Inakwenda hivi. Yeye askari e4, wewe e5. Yeye malkia h5 mara moja. Uliza swali letu: huyu malkia amekuja kufanya nini? Anaangalia vitu viwili, askari wako wa e5 ambaye hana mlinzi, na f7. Kwa sasa e5 ndiyo ina moto zaidi kwa sababu akiila anakupa cheki, yaani anamtishia mfalme wako, kwa hivyo farasi c6, umelinda. Yeye analeta askofu c4. Sasa wawili wanaangalia f7, malkia na askofu, na mlinzi ni mfalme peke yake. Nina hakika hapa ndipo wewe unacheza farasi f6 kumfukuza malkia, na yeye anakula f7, chekimeti. Usimfukuze na farasi bado. Askari g6 kwanza! Umemfungia njia ya f7 na umemgonga, lazima aondoke. Mara nyingi atarudi f3, bado anaota f7, na sasa ndiyo unaleta farasi f6, njia imezibwa kabisa. Alafu askofu g7, askari d6, kaslingi. Hesabu kete mlizotoa. Wewe una farasi wawili na askofu nje na mfalme salama, yeye amezungusha malkia tu na askofu mmoja, na huyo malkia utaendelea kumkimbiza huku ukitoa kete zako nyumbani bila kupoteza muda. Mfanyie hiyo mara tatu, kijana ataacha mwenyewe na ataanza kutafuta chesi ya kweli, na hapo utakuwa umemfunza zaidi ya kocha wa shule.

Lakini mama, nikuambie ukweli wa 620. Hapo michezo haiishi kwa openingi. Inaisha kwa sababu mtu ameacha kete bila mlinzi na mwenzake amekula, au hakuona na ameiacha, alafu wamebadilishana makosa hivyo mpaka mmoja anachoka. Kwa hivyo muda wako mwingi uende kwa mafumbo, zile picha za "nyeupe acheze ashinde". Lichess inazo bure kabisa, haina matangazo na haitaki malipo, na ukiweka programu yao kwa simu inakubali mafumbo hata bila bando. Anza na foko, farasi mmoja akigonga wawili. Ile maarufu ni farasi akiingia c7, anampa mfalme wa e8 cheki na hapo hapo ameshika ngome ya a8, mfalme lazima ajibu na ngome inaliwa. Alafu pini, kete iliyobanwa haiwezi kusonga kwa sababu nyuma yake kuna mfalme, au ikisonga malkia aliye nyuma yake analiwa. Alafu chekimeti ya mstari wa nyuma, mfalme aliyefungiwa na askari wake watatu mwenyewe. Dakika 15 kwa siku, na usikimbilie mengi, bora fumbo moja ulijaribu mpaka mwisho kwa kichwa bila kugusa kuliko 20 za kubahatisha.

Naona unacheza ukienda kazini. Nimeona kwa historia yako, michezo ya dakika tatu, saa moja asubuhi, hiyo ni Jogoo Road kwa matatu na mtandao unapotea mara kwa mara. Hiyo dakika tatu ndiyo inakufunga hapo 620, kwa sababu inakuzoesha kujibu bila kuuliza. Kwa matatu fanya mafumbo. Mchezo wenyewe ucheze nyumbani watoto wakilala, dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua, mmoja tu kwa usiku, hata mitatu kwa wiki inatosha.

Na ukimaliza huo mmoja usirukie mwingine. Rudi nyuma, bila kufungua kompyuta ya kukuonyesha makosa, utafute hatua ya kwanza ambayo ulicheza bila kujua kwa nini. Kwa ule wa juzi ilikuwa ya tano. Andika kwa daftari, kwa maneno yako, "nilicheza farasi f3 sababu nilizoea." Sasa fungua kompyuta uone ilitaka nini, na uulize kwa nini mpaka uelewe, kama hauelewi niandikie. Hivyo ndivyo openingi inaingia kwa damu, hatua moja kwa kila kichapo. Ukipoteza michezo 30 kwa njia hiyo utakuwa na daftari la openingi lililokaa kichwani kwa sababu kila mstari ulikuuma, na hakuna kozi ya 3,500 inaweza kukuuzia hilo daftari.

Kitu kimoja nje ya openingi lazima nikitaje kwa sababu nimekiona kwa michezo yako miwili, ulikuwa na malkia mzima mbele na mchezo ukaisha sare. Mfalme wa jamaa hakuwa kwa cheki lakini hakuwa na pa kwenda wala kete ya kusogeza, hiyo ni stelimeti, nusu pointi imepotea. Jifunze malkia na mfalme dhidi ya mfalme peke yake, alafu ngome mbili zikipanda kama ngazi, alafu mfalme na askari mmoja. José Raúl Capablanca wa Kuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alikuwa anasisitiza watu waanze kujifunza chesi kutoka mwisho, kete zikiwa chache. Nilipuuza hilo kwa miaka na najuta. Keti na kijana, mmoja awe na malkia na mfalme, mwingine mfalme tu, mbadilishane. Ni mchezo wa dakika tano na watoto wanaupenda.

Shindano? Nendeni, na msingoje mpaka muwe tayari. Fuatilieni matangazo ya Chess Kenya, shirikisho la chesi la hapa nchini, mara nyingi kuna kitengo cha watoto na cha wasio na rating. Rating ya FIDE, shirikisho la chesi la dunia, isikuumize kichwa, tangu Machi 2024 ya chini kabisa ni 1400, chini ya hapo haupewi nambari, kwa hivyo hauna cha kupoteza. Jizoeshe mambo matatu kabla. Ukigusa kete yako lazima uisogeze, kwa hivyo ile tabia ya kukalia mikono itakuokoa. Saa unaibonyeza na mkono ule ule uliosogeza kete. Na simu izimwe iwe mbali nawe, ikilia kwa ukumbi unaweza kupoteza mchezo hapo hapo hata kama ulikuwa unashinda, nimeona mtoto akilia kwa sababu hiyo na ilikuwa simu ya nyanya yake kumtakia heri.

Ndiyo sababu nikasema pesa uiweke. Chukua kidogo ununue bodi ya kukunja na kete za plastiki kama hamna nyumbani, na daftari la kuandika hatua. Macho yaliyozoea simu peke yake yanashindwa kuona ulalo mrefu kwa bodi ya kweli, nimeona watu wa 1200 wakiacha malkia kwa sababu hiyo tu. Kucheza na kijana mcheze kwa bodi kila mara.

Na usiogope umri wala mtoto kukushinda. Mtoto wa miaka 9 ana muda na ana shule nzima ya kucheza naye, wewe una kazi na nyumba, lakini una uvumilivu wa kukaa na swali moja dakika nzima, na yeye bado hana. Kina Amon Simutowe wa Zambia, aliyekuwa granimasta, cheo cha juu cha chesi, wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara, walianza wakiwa watoto pia, na mtoto hawezi kukaa kwa hiyo bodi muda mrefu kama hakuna mtu wa nyumbani wa kukaa upande wa pili.

Leo jioni akikuletea malkia h5, farasi c6, alafu g6, alafu farasi f6, kwa mpangilio huo. Usimwambie nimekuonyesha. Mcheze mpaka mwisho, uandike hatua zote, weka alama kwa ile ya kwanza ambayo hukujua sababu yake, unitumie hiyo Jumapili nitaipanga kwa bodi.